Kabla hujauliza bei ya leza

Wanafunzi wa uhandisi wanaopita karakana yangu hapa Wandegeya, Kampala, wakishasoma kidogo kuhusu chipu zinazopangwa upya kwa mwanga, huanza kwa kuniuliza leza ni bei gani. Leza iacheni kwanza, nawaambia. Tafuteni ubao wa FPGA wa kawaida, yaani chipu ambayo saketi zake unazipanga mwenyewe baada ya kutoka kiwandani, hata wa mtumba.

Wangu wa kwanza ulinitia aibu. Nilikesha nikiupanga, alfajiri umeme ukakatika, na uliporudi chipu haikukumbuka chochote. FPGA nyingi hushika mpangilio wake kwenye SRAM, aina ya kumbukumbu ambayo bila umeme husahau; nakala ilipaswa kukaa kwenye flashi ya pembeni, kumbukumbu isiyosahau umeme ukikatika. Nikagundua na jingine: kila inapowaka, mpangilio huingia kwa nyaya chache tu, biti zikisukumana kama taksi zinazotoka Old Taxi Park jioni.

Foleni hiyo ndiyo waliyotaka kuiondoa watafiti wa Caltech, chuo kikuu cha Marekani, na baadaye Minoru Watanabe na wenzake kule Japani. Mipangilio mingi huwekwa ndani ya kumbukumbu moja ya hologramu, yaani picha iliyonaswa kwa mwanga wa leza. Leza ikimulika, nukta za mwanga na giza huangukia fotodaiodi, vihisi vidogo vya mwanga vilivyo ndani ya chipu, biti zote kwa mkupuo, na saketi hubadilika kwa nanosekunde. Tena hologramu ikichubuka upande mmoja, iliyobaki bado hubeba picha nzima, ingawa hafifu. Ndiyo sababu wanaifikiria kwa vyombo vya angani, kwenye mionzi mikali. (Nasi Waganda, tangu setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, irushwe mwaka 2022, hayo si ya majirani tena.)

Sasa jaribu hologramu yako. Usiiangalie leza kwa macho, hilo halina mjadala. Mimi nilipoteza vioo vitano vya kunasia hologramu nikilaumu dawa ya kusafishia, kumbe wabaya wangu ni boda boda za barabarani. Mtikisiko usiofika hata sehemu ya elfu moja ya milimita unatosha kufuta kila kitu. Nikajaza sanduku mchanga, nikaliweka juu ya tyubu za pikipiki zenye upepo kiasi, nikangoja saa nane usiku, nikakaa kimya dakika kadhaa ndipo nikafungua mwanga.

Kioo cha sita kilipokauka, sarafu ya mia tano ilikuwa ikielea ndani yake, na korongo wake.