Razini na mwenye akili timamu

SWALI: Ndugu Mhariri, katika kikao cha ukoo wetu mzee mmoja alimsifu shangazi yangu kuwa ni "mtu razini". Baadhi yetu tulidhani anasema shangazi si mwendawazimu, wengine wakadhani anasema amesoma sana. Neno hili lina maana gani, na je, tuseme "mtu razini" au "mtu mrazini"? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mzee huyo alimpa shangazi yako sifa kubwa kuliko mlivyodhani. Neno razini limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu uzito, na kitenzi chake hutumika hata kwa mtu anayeinua kitu kwa mkono ili akadirie uzito wake. Kutoka hapo likatumika pia kwa mtu mtulivu, asiyepeperushwa na kila upepo. Kiswahili kiliupokea uzito huo kikauweka hasa katika fikra, hivyo razini ni yule anayelipima jambo kabla ya kulitolea kauli, akatenga anachokijua na anachokidhani, wala hasira au mapenzi yasimtie kiwi.

Akili timamu ni jambo jingine. Utimamu ni kutopungukiwa, ndiyo maana katika wosia mtu huandika "nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa", akithibitisha kwamba akili yake haina kasoro, si kwamba ameigawa mali yake kwa busara. Mwenye akili timamu anaweza kuropoka kikaoni asubuhi na kujuta jioni. Siku hiyo hakuwa razini, ingawa hakuna tabibu ambaye angemkuta na maradhi. Elimu nayo si kipimo, kwani wapo wasiojua kusoma ambao hoja zao hunyooka tangu mwanzo hadi mwisho.

Inanisikitisha kwamba neno hili linazidi kuwa adimu vinywani mwetu, tukabaki na "ana akili", sifa ambayo hata mlaghai hupewa kwa ujanja wake. Razini halimfai mlaghai hata kidogo.

Kuhusu sarufi, neno hili, kama yalivyo safi, hodari na rahisi, halichukui kiambishi linapokuwa kivumishi: mtu razini, watu razini, uamuzi razini. Mrazini na warazini ni nomino, kwa hiyo "shangazi ni mrazini" ni sahihi, na hali yenyewe huitwa urazini, neno ambalo waandishi wa falsafa nao hulitumia kwa uwezo wa binadamu wa kufikiri kwa hoja.