Maswali ya Wasomaji: Sufu Isiyoshikamana

SWALI: Nataka kutengeneza nyota na vipira vya sufu vya kupamba mti wa Krismasi na kuwazawadia jamaa. Nimesugua nyuzi za kufumia kwa maji ya moto na sabuni mpaka mikono ikauma, lakini hazishikamani. Nifanyeje? — Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, yaelekea nyuzi zako ni za akriliki, yaani nyuzi za plastiki zilizotengenezwa zifanane na sufu. Unywele wa sufu halisi una magamba madogo mno ambayo, yakilowa maji ya moto yenye sabuni na kusuguliwa, hunasana yasiachane tena. Akriliki haina magamba hayo, hata uisugue mpaka Pasaka. Choma ncha ya uzi: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, ilhali akriliki huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Kondoo wekundu wa Kimaasai hawatakufaa, kwa kuwa wana manyoya mafupi badala ya sufu. Tafuta kwenye mitumba ya soko la Memorial, hapo Moshi, sweta kuukuu ambalo lebo yake inaonyesha sufu asilimia 100, ila uliache likiandikwa kwamba hufuliwa kwa mashine, maana kwa kawaida sufu hiyo imetiwa dawa ya kuzuia kusinyaa. Lifue kwa maji ya moto na sabuni ukilisugua kwa nguvu, ulisuuze kwa maji baridi, kisha urudie mpaka vitanzi vya ufumaji visionekane. Likikauka, kata nyota zako bila kupinda kingo, kwani hazitafumuka, na mabaki uyajaze ndani ya vipira.