Usilipie kifurushi cha meli kabla hujakaa mezani

Usilipe hizo dola. Kama umeshalipa, ghairi leo kabla hujalala.

Nimesoma swali lako mara mbili, mkuu. Mnatoka Dallas, mnapanda meli ya kitalii pale bandari ya Galveston, Texas, kwa siku saba, wewe, mkeo na mama, chumba kimoja. Wakala amekupa mpaka Ijumaa uchukue "kifurushi cha kila kitu", yaani vinywaji pamoja na ile migahawa ya kulipia ya humo melini. Unauliza kama kinalipa, na mama ambaye hagusi nguruwe atakula nini. Nilipofika kwenye "chumba kimoja" mwili ulinisisimka. Nilisafiri hivyohivyo, bandari hiyohiyo, siku hizohizo saba, na mama yangu mzazi, mtu wa Tanga, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajaonja pombe. Nami nikamlipia kifurushi cha pombe.

Nilimlipia mama yangu pombe ya siku saba. Nimelirudia makusudi ili usilipite haraka.

Kampuni nyingi za meli hizi zina sharti kwamba mtu mzima mmoja akichukua kifurushi chenye pombe, watu wazima wote wa chumba hicho lazima nao wachukue. Hawataki mmoja anunue, watatu wanywe. Sharti limeandikwa, lakini chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyetoka kazini saa nne usiku hafiki. Kazi ya kufika pale ilikuwa ya wakala. Ndiyo sababu nilimtafuta wakala.

Wangu alikuwa Mswahili mwenzetu, tulikutana kwenye kundi la WhatsApp la watu wa huku Houston. Simtaji. Alinitumia ujumbe wa sauti na ninao mpaka leo: "Kaka, ukichukua hii, pochi unaisahau chumbani." Nikamuuliza waziwazi: mke wangu anakunywa soda, mama anakunywa chai, mbona bei inaonyesha watu watatu? Akasema hiyo ni bei ya familia, mfumo ndivyo unavyoitoa. Bei ya familia! Hakuna kitu cha namna hiyo. Vilikuwa vifurushi vitatu kamili vya pombe, vikapewa jina tamu ili nisiulize swali la pili. Na kweli sikuuliza, kwa sababu aliniita kaka. Mgeni angeniambia hivyo ningemdai karatasi. Mtu anayejua mama yako ni nani, anayejua kwamba anaswali swala tano, anakaa kimya na kupokea kamisheni yake, huyo nimeshindwa kumsamehe na sijioni nikimsamehe karibuni.

Sasa hesabu, na kabla hamjaanza kunisema, kazi yangu ni ya ghala, kutwa nahesabu makasha, hesabu hizi nimezirudia zaidi ya mara moja. Dola 62 kwa mtu kwa siku. Watu watatu, siku saba: dola 1,302. Juu yake ada ya huduma asilimia 18, ambayo kwenye lile tangazo haikuonekana: dola 234 na senti. Jumla dola 1,536. Chumba chenyewe, cha ndani kisicho na dirisha, sisi sote watatu tulikilipia kama dola 2,100. Yaani vinywaji vilitaka kufika bei ya safari.

Bia moja mle ndani ilikuwa dola 7.50, ukiweka na ile ada inakuwa dola 8.85. Ili kifurushi cha mtu mmoja kirudishe hela yake, lazima anywe bia zaidi ya nane kila siku. Kwa vifurushi vitatu ni bia karibu 25, na mnywaji ni mmoja. Hiyo ni kreti, mkuu, kila siku iendayo kwa Mungu, na huruhusiwi hata kumpa mwenzio glasi moja. Sijapata kuona harusi ya mtu mmoja inayomaliza kreti kabla jua halijazama. Mimi siku ya bahari tupu nilikunywa bia nne.

Tena hivi vifurushi ni ndugu wa vile vya simu vya nyumbani: siku ikigeuka, ulichobakiza hakihamii kesho. Na siku za bandari je? Meli ilisimama Roatán, kisiwa cha Honduras, kisha Costa Maya na Cozumel kule Meksiko. Siku hizo watu wanashuka asubuhi na kurudi alasiri, wanakula na kunywa nje kwa hela nyingine, na kifurushi kinahesabu vilevile kama uliyekaa baa kutwa nzima.

Na chai ya mama? Chai niliyoilipia dola 73 kwa siku, yaani zile 62 na ada yake, ilikuwa bure. Ipo kwenye bufe na vikombe vyake, mtu anajichotea atakavyo. Chai, kahawa ya kawaida, maji, limau, chai ya barafu, juisi ya asubuhi, vyote vimo kwenye nauli. Vya kulipia ni soda, kahawa za mashine na pombe. Hilo nililigundua siku ya kwanza saa nane mchana, nimesimama na kikombe mkononi, na meli bado haijang'oa nanga. Nikaenda dawati la wageni papo hapo. Yule binti alinisikiliza vizuri sana, akanionyesha masharti, akasema kifurushi kimeshaanza kutumika. Mke wangu alikuwa ameshaagiza soda.

Siku ya tatu mama akaniuliza ile alama ndogo kwenye kadi yake ya chumba ni ya nini, mbona mabinti wenye sinia wakiiona wanamchangamkia. Nikatafuta maneno nikakosa. Mke wangu akamwambia ukweli. Mama hakunikaripia. Aliuliza tu, "Kwa jina langu?" Mpaka tunashuka hakuivaa tena ile kadi shingoni, aliifungia kwenye kibeti chake. Dola 1,536 nitazifanyia kazi zitarudi. Lile swali la maneno matatu nalisikia bado.

Na hiyo ni nusu ya kifurushi chako. Nusu ya pili, migahawa ya kulipia. Tulichukua usiku tatu kwa watu watatu, dola 129 kwa kichwa, na ada yake juu, ikawa dola 456. Usiku wa kwanza mgahawa wa nyama: mama akaangalia orodha yote ya steki, akala kiazi cha kuoka na saladi kwa sababu nyama haikuwa halali. Usiku wa pili wa Kiitaliano, wa tatu wa Kijapani. Chakula si kibaya, siwezi kumsingizia mpishi. Ila nilikuwa nimelipia mama yangu kukaa mbele ya vyakula asivyoweza kula.

Usiku wa nne ndio tukashuka ukumbi mkuu wa chakula, ule ambao umo kwenye nauli. Tukakuta meza yetu. Nasema yetu kwa sababu ukichagua zamu maalumu ya kula, yaani saa ileile kila usiku, unapewa meza moja na wahudumu walewale safari nzima, na yetu ilikuwa imeandaliwa usiku tatu mfululizo bila mtu. Mhudumu alikuwa Mwindonesia. Alimwona mama na mtandio wake, akaweka mkono kifuani, akasema "Assalaam alaykum." Mama alimjibu kwa sauti iliyofanya meza ya jirani igeuke. Kuanzia hapo sisi wengine tulikuwa wasindikizaji. Kijana alimweleza supu ipi ina nguruwe ndani ijapokuwa haionekani, mchuzi upi una mvinyo, samaki yupi amekaangwa peke yake. Kila usiku mkuu wa wahudumu alimletea mama orodha ya kesho yake, achague mapema, jikoni wamtengenezee. Dengu za Kihindi, wali, chapati, samaki. Na pilipili ya kwenye kibakuli chake ambayo hatukuiomba, alikumbuka tu kwamba jana aliitafuta.

Watu hawaujui huo ukumbi, ndiyo maana wanaukimbilia mwisho. Unakaa, unaletewa kianzio, mlo, kitindamlo. Ukitaka vianzio viwili, kwetu hakuna aliyeuliza. Usiku wa mavazi rasmi walileta kambakoche, bila senti moja juu. Kambakoche, wakati mimi nimeshalipa dola 456 kwenda kula kiazi ghorofa ya juu! Mama alitazama lile sahani, akatazama taa, akatazama watu walivyopendeza, akasema, "Mwanangu, hiki chote tulikuwa tumekilipia tangu nyumbani, basi kule juu tulikuwa tunatafuta nini?"

Hiyo ndiyo kanuni yangu na sina nyingine: kula kwanza ulichokwisha kulipia. Usiku wa kwanza na wa pili kaa ukumbi mkuu, kunywa chai ya bufe, lipia bia yako moja moja. Usiku wa tatu kama bado moyo unataka steki, nenda wewe na mkeo mkalipe.

Najua atakuja mtu hapa chini aseme ukinunua melini bei iko juu kuliko ukinunua kabla. Ni kweli, iko juu. Lakini kitu usichokihitaji hakina bei nafuu, ndugu zangu. Kwenye meli yetu usiku mmoja wa mgahawa wa nyama ulikuwa dola 50 kwa mtu, na siku ya kwanza walikuwa wanapita kwenye korido wakiupunguza kwa sababu meza zilikuwa tupu. Mimi na mke wangu tungekwenda mara moja kwa dola mia na ushee, tukaridhika, mama akabaki na kijana wake wa Kiindonesia anakula dengu. Nilikuja kusoma baadaye ripoti za mwaka 2023 za Carnival Corporation na Royal Caribbean, ambao ndio wakubwa wa biashara hii: takriban theluthi ya mapato yao haitoki kwenye tiketi, inatoka kwenye vitu watu wanavyonunua wakishaingia melini na vinginevyo. Hiyo ni biashara yao, wana haki nayo. Wewe linda yako.

Na mkifika Roatán shukeni na njaa. Kule kuna watu wanaitwa Wagarifuna, wana asili ya Afrika na ya wenyeji wa visiwa vya Karibi, Waingereza waliwahamishia pale kwa nguvu mwaka 1797 kutoka kisiwa cha Saint Vincent. Wanapika wali na maharage kwa tui la nazi. Tulikaa kwenye kibanda cha mama mmoja karibu na maji, sahani dola 14, samaki mzima wa kukaanga na ndizi pembeni. Mama yangu alitia tonge mdomoni akaacha kutafuna, akaniuliza hawa watu wametoka wapi. Nikamweleza. Akasema tui lao lilikuwa zito kidogo, angelipunguza, akamaliza sahani yote. Ukiniuliza leo chakula gani alikipenda safari nzima, atakutajia huo wali kabla hajataja kambakoche. Hakuna kifurushi kinachofika kwenye kile kibanda.

Jambo pekee la kufanya kabla ya safari, nalo ni bure: iandikie kampuni ya meli kuhusu chakula cha mama. Si wakala, kampuni yenyewe. Nyingi zinataka taarifa wiki kadhaa kabla, kwa hiyo usingoje. Andika kwamba mama hali nguruwe, hali chochote chenye mvinyo wala mafuta ya nguruwe, na uulize wanaweza nini kuhusu nyama halali. Mkipanda, siku ileile nenda ukumbi mkuu ukamtafute mkuu wa wahudumu, mwonyeshe mama yako, asimjue kwa karatasi tu.

Halafu huyo wakala. Leo Jumatano, bado una siku mbili. Mtumie swali moja tu: je, jina la mama yangu limo kwenye kifurushi cha pombe, ndiyo au hapana? Akikutumia ujumbe wa sauti, mwambie aandike.