Mizunguko 1500 inatoaje Hz 50?

Ndugu wa Birere, umeuliza kwa nini kibao cha jenereta yako kinaandika 1500 tr/min na pia Hz 50. Kibao kiko sawa, havipingani. Ya kwanza ni mizunguko ya injini kwa dakika, Hz ni mawimbi ya umeme kwa sekunde, basi gawa 1500 kwa 60. Unapata 25, si 50, na hapo ndipo wengi wanakwama. Alternata yako, yaani sehemu inayozalisha umeme, ina ncha 4 za sumaku, yaani jozi 2, na kila jozi ikipita mbele ya koili inazaa wimbi zima la umeme. Mizunguko 25 mara jozi 2, ndiyo hiyo Hz 50. Vile vijenereta vidogo vya petroli vinavyonguruma mbele ya maduka hapa Goma kwa kawaida vina jozi 1, kwa hiyo vinalazimika kukimbia mizunguko 3000 kwa dakika.



Ila tafadhali pima Hz wakati friji na vyombo vyote vimewaka. Zikishuka hadi 47.5, injini imeshuka hadi 1425. Usifungue alternata, angalia kwanza gavana (kidhibiti cha mwendo wa injini) na chujio la mafuta.