Bangili za fedha "za kizamani" kwa laki sita: hesabu ninayoipiga mimi

Dada, nimelisoma swali lako. Umeonyeshwa jozi ya bangili za fedha za mtindo wa Oman, zile pana zenye bawaba na msumari wa kufungia. Muuzaji kakwambia ni za bibi yake, kazipima mbele yako zikaja gramu 124 zote mbili, na anataka TSh 600,000. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nanunua na kuuza vito vilivyokwisha valiwa hapa Unguja, na bangili za namna hiyo zimepita mikononi mwangu nyingi, nzuri na mbovu. Nitakueleza ninavyofanya mimi.

Maneno "ya zamani" yaweke kando kwanza. Anza na madini. Fedha nyingi za Oman na za pwani yetu zilifuliwa kutokana na reale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 hata kama zilipigwa miaka mia baadaye. Reale moja ina gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Basi hata kama bangili zako ni fedha kweli, usizihesabu kama fedha tupu. Gramu 124 mara 0.833 unapata gramu 103 za fedha safi. Tuseme sonara leo anakwambia gramu ni TSh 3,000 (uliza mwenyewe, inapanda na kushuka kila siku): madini peke yake ni kama 310,000. Hapo ndipo sakafu ilipo. Kwa hiyo laki sita si wizi, wala si bei ya kulipa kwa macho yaliyofumbwa. Ile 290,000 iliyozidi ni ya ufundi na umri, na muuzaji lazima akuonyeshe vilipo.

Lakini je, ni fedha? Sumaku haitakusaidia sana. Ikinasa, achana nazo, ila shaba hainaswi vilevile. Kuna mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki unaong'aa kama fedha wala hauna hata chembe yake. Mimi ulinipata mwaka wangu wa pili. Nilinunua bangili moja nzito kwa bei ya fedha, baada ya wiki tatu ikaanza kuacha rangi ya kijani kwenye mkono wa mteja wangu. Nilimrudishia pesa zake zote, nami sikurudishiwa hata senti.

Tangu siku hiyo napima kwa maji. Chukua mizani ndogo ya dijitali, ile inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Pima bangili kavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga bangili kwa uzi uizamishe yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itasoma namba nyingine. Gawa uzani mkavu kwa namba hiyo. Bangili ya gramu 62 ikisoma 6.1 ndani ya maji, unapata kama 10.2, hiyo ni fedha. Ikisoma 7.2, unapata 8.6, hapo ni shaba na ndugu zake. Kipimo hiki hakifai kwa kitu chenye mawe, wala kwa furungu (bangili ya mguuni) lililo wazi ndani, maana hewa inaharibu hesabu. Itikise kidogo ndani ya maji, mapovu yatoke.

Sasa umri. Fungua bangili uangalie upande wa ndani, unaogusa ngozi. Kito kilichovaliwa miaka arobaini kwa ndani ni laini kama kokoto ya pwani, kingo zimeviringika, na weusi umebaki kwenye mashimo ya nakshi tu. Kilichopakwa dawa ya kukizeesha ni cheusi kila mahali, hata pale ambapo ngozi ingekwisha kupang'arisha. Tazama na bawaba: tundu la msumari linaliwa, linakuwa refu kidogo upande mmoja. Halafu zilaze bangili zako mbili pamoja. Ukiona kishimo kidogo kwenye ua la tatu la bangili moja, na kishimo hichohicho mahali hapohapo kwenye nyenzake, zimemiminwa kwenye kalibu moja. Fundi wa mkono hakosei mara mbili sawasawa.

Ukikuta muhuri wa 925, madini huenda ni mazuri, lakini hadithi ya bibi itie shaka, kwa sababu mafundi wa zamani wa huku hawakuwa na desturi ya kugonga namba hiyo. Na ukiona palipozibwa kwa risasi, ile kijivu isiyong'aa, punguza. Kuitoa ni kazi, na si kila sonara anaiweza.

Kwa mizani yangu mimi: zikiwa fedha lakini zimemiminwa juzi, naongeza theluthi juu ya madini, yaani nafika 410,000 hivi. Zikiwa za mkono, zimevaliwa kweli na bawaba nzima, nalipa hizo laki sita na sioni uchungu. Zikiwa shaba, 40,000 kwa zote mbili inatosha, ni mapambo mazuri tu ya sherehe.

Jambo moja linaniuma, na ndilo limenifanya niandike yote haya. Bibi yangu alipofariki, mafurungu yake yaliuzwa kwa uzani kama chakavu, na mnunuzi akayayeyusha. Yalikuwa na alama ya kucha ya fundi kila baada ya duara, nilikuwa nikiyahesabu kwa kidole nikiwa mtoto. Hakuna aliyetuambia kwamba kazi ile nayo ina bei. Kwa hiyo ukigundua hizo bangili ni za kweli, na muuzaji ana shida na yuko tayari kushuka hadi bei ya madini, tafadhali usimshushe mpaka huko.

Ukishazipima kwenye maji, weka hapa namba mbili za kila bangili, na picha ya bawaba ikiwa wazi, kwa ndani, mchana dirishani bila taa ya simu. Nitakwambia ningetoa ngapi.