Maswali Yenu: Iafoni za Bei Nafuu na Amplifaya za Mfukoni

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: iafoni haisikiki kama ilivyosifiwa, je, amplifaya ndogo itaitengeneza? Mara nyingi jibu ni hapana, na sababu zake zinapimika. Tumeanza na swali lililoletwa na wasomaji wengi zaidi.

Hongereni kwa kazi nzuri. Nimenunua iafoni inayosifiwa kwa besi, lakini kwangu besi haipo kabisa. Nikiongeza amplifaya itatengemaa?

Usinunue kitu bado. Cheza wimbo, kisha sukuma iafoni taratibu kwa kidole kuelekea ndani ya sikio. Besi ikiibuka ghafla, basi iafoni ni nzima na kinachokusumbua ni upenyo. Iafoni ya kuingia sikioni hutoa besi kwa kusukuma hewa iliyofungiwa kati ya draiva (spika ndogo iliyo ndani ya iafoni) na ngoma ya sikio. Mpira usipoziba vizuri hewa hiyo huvuja, na besi huondoka nayo. Amplifaya hupandisha sauti zote kwa pamoja, kwa hiyo besi iliyobaki nyuma itaendelea kubaki nyuma, ila sasa kwa kelele zaidi.

Kipimo kizuri ni toni ya hezi 40 au 50 kwa sauti ya chini. Geuza kichwa, fungua na ufunge taya. Toni ikija na kupotea, badilisha mpira. Jaribu kila saizi, na kila sikio peke yake, kwa kuwa masikio mawili ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani; si ajabu kushoto kukataka saizi ya kati na kulia kubwa. Unapoingiza, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, sukuma iafoni huku ukiizungusha kidogo, ndipo uachie. Mipira ya sponji ivingirishe kwa vidole hadi iwe myembamba, ingiza, kisha ishikilie karibu nusu dakika ijitanue. Sponji hulainisha kidogo sauti za juu, jambo linalozifaa iafoni zenye makali.

Kama besi imepungua upande mmoja tu, ingiza ya kushoto kwenye sikio la kulia na ya kulia kwenye la kushoto. Tatizo likibaki kwenye sikio lilelile, ni mpira. Likihama na iafoni, kagua wavu wa mdomoni: nta au unyevu kidogo tu hutosha kuuziba. Elekeza mdomo wa iafoni chini na usugue kwa brashi laini kavu. Pini ni marufuku, maana hutoboa wavu na nta huingia ndani kwa draiva.

Liko kosa jingine linalofanana na hili. Kwenye iafoni za waya unaochomoka, plagi ya pini mbili ikigeuzwa upande mmoja, draiva moja husukuma wakati nyingine inavuta. Cheza rekodi ya mono (sauti ileile pande zote mbili): mwimbaji asiposikika katikati ya kichwa, bali kama ametawanyika pembeni, na besi ikawa imekonda, geuza plagi ya upande mmoja.

Iafoni mbili zote ni za omu 16 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Ya kwanza imeandikwa 105 dB/mW, ya pili 115 dB/V. Ya pili ndiyo yenye sauti kubwa zaidi, sivyo?

Sivyo. Hizo namba zimepimwa kwa vipimo tofauti: ya kwanza ni sauti inayotoka kwa miliwati 1, ya pili kwa volti 1. Volti 1 kwenye omu 16 ni miliwati 62.5, yaani desibeli 18 juu ya miliwati 1. Kwa hiyo iafoni ya kwanza, kwa lugha ya volti, ni 123 dB/V. Inaizidi ya pili kwa desibeli 8.

Weka kumbukumbu hii kwenye simu yako: ili kutoka dB/mW kwenda dB/V, ongeza 18 kwa omu 16, 15 kwa omu 32, 6 kwa omu 250, na 5 kwa omu 300. Sanduku likiandika "dB" tupu bila kueleza kama ni kwa miliwati au volti, usiitegemee namba hiyo. Vivyo hivyo maneno "hezi 20 hadi 40,000" bila kusema sauti inashuka kwa desibeli ngapi huko mwishoni. Hata idadi ya draiva haikuambii ubora. Iafoni ya draiva moja iliyorekebishwa vizuri huishinda yenye tano zinazogombana.

Nitajuaje kama hedifoni yangu inahitaji amplifaya? Simu natumia kiunganishi kidogo cha USB chenye jeki.

Piga hesabu. Kiunganishi kidogo cha kawaida hutoa takriban volti 1. Vipo vinavyotoa nusu yake na vipo vya volti 2, soma maelezo ya chako. Lengo linalofaa ni kifaa kiweze kufikisha vilele vya desibeli 110 bila sauti kuvunjika. Hivyo ni vilele vya muziki vya papo kwa papo, wala si kiwango cha kusikiliza.

Chukua hedifoni ya omu 32 yenye 98 dB/mW. Ongeza 15: ni 113 dB/V. Volti 1 inavuka lengo, amplifaya haihitajiki. Sasa chukua ya omu 250 yenye 96 dB/mW. Ongeza 6: ni 102 dB/V. Imepungukiwa na desibeli 8, na inataka volti 2.5. Hapo amplifaya ina kazi ya kufanya. Ukisikiliza kwa sauti ya chini, hata volti 2 itakutosha, kwa kuwa itakufikisha 108.

Ukiwa na amplifaya iliyochomekwa kwenye jeki ya simu, pandisha sauti ya simu karibu na mwisho, kisha rekebisha kwa kitufe cha amplifaya. Simu ikiwa chini, amplifaya itakuza mvumo wa simu pamoja na muziki.

Kuhusu masikio yenyewe: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hukatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Amplifaya yenye nguvu hukufikisha huko bila wewe kutambua, kwa sababu sauti safi haichoshi haraka kama iliyovunjika.

Iafoni yangu ya draiva nyingi inatoa "shhh" hata muziki ukiwa umesimama, na kwenye amplifaya ya rafiki yangu imekuwa butu, sauti za juu zimezama. Ina kasoro?

Haina. Inaonyesha kasoro za amplifaya ambazo hedifoni zinazohitaji nguvu nyingi huzificha.

Tuanze na mvumo. Zungusha kitufe cha sauti juu na chini. Mvumo usipobadilika, unazaliwa ndani ya amplifaya baada ya kitufe. Ukipanda na kushuka nacho, unatoka kwenye chanzo. Amplifaya yenye kelele ya mikrovolti 10 kwenye iafoni ya 123 dB/V hutoa mvumo wa desibeli 23, unaosikika vizuri chumba kikiwa kimya. Ya mikrovolti 2 hushuka hadi desibeli 9, ambao hutausikia. Kwa hiyo kwa iafoni kama yako, kelele ya chini ina thamani kuliko miliwati nyingi. Kama kuna swichi ya ukuzaji, iweke chini.

Ubutu unatokana na ukinzani wa ndani wa amplifaya. Iafoni za draiva nyingi hazina omu zilezile kwenye masafa yote: inaweza kuwa omu 16 kwenye besi na omu 4 kwenye sauti za juu. Amplifaya yenye omu 10 ndani itapoteza desibeli 4.2 kwenye besi, lakini 10.9 kwenye sauti za juu. Tofauti ya karibu desibeli 7! Hiyo ni iafoni nyingine kabisa. Yenye omu 1 ingeleta tofauti ya desibeli 1.4 tu. Kanuni inayotumika ni ukinzani wa amplifaya usizidi moja ya nane ya ule wa iafoni, na sisi tunasema hesabu ifanywe kwa omu za chini kabisa za iafoni, zile ambazo sanduku halizitaji. Iafoni za draiva moja ya kawaida hazisumbuki sana, kwa sababu omu zake hazibadiliki sana.

Unaweza kuupima nyumbani. Chomoa iafoni kwanza. Cheza toni ya hezi 100, weka multimita kwenye AC, na panda hadi isome volti 0.200 kati ya ncha ya plagi na ardhi (sehemu ya kurudishia umeme, ya pamoja kwa kushoto na kulia). Kisha unganisha rezista ya omu 33 katikati ya sehemu hizohizo na usome tena. Ikisoma 0.190, gawanya 0.200 kwa 0.190, toa 1, zidisha kwa 33: ni omu 1.7. Multimita ambayo kipimo chake kidogo cha AC ni volti 200 haifai kazi hii. Tafuta inayosoma milivolti.

Onyo moja: viunganishi vya kupunguza sauti vyenye rezista moja tu mfululizo huondoa mvumo, ila huongeza ukinzani uleule tuliotoka kuulalamikia.

Amplifaya yangu mpya ina sauti tamu kuliko simu, lakini ndugu yangu anasema najidanganya. Nani mkweli?

Lipo jaribio la kuamua. Sikio husoma sauti iliyozidi hata kwa desibeli 1 kuwa ni "bora", wala si "kubwa". Linganisha kwanza: toni ya hezi 400, multimita kwenye jeki, iafoni ikiwa imeunganishwa, na rekebisha hadi vifaa vyote viwili visome sawa, tofauti isizidi asilimia 1. Kisha ndugu yako awe anabadilisha waya bila wewe kuona, mara 10, akiandika, nawe kila mara utaje ni kifaa kipi. Ukipata 5 au 6, umebahatisha. Kupata 9 au zaidi kwa bahati tupu hutokea takriban mara 1 katika majaribio 100, kwa hiyo hapo ndugu yako akubali. Kulinganisha kwa kusikia tu hakutoshi.

Nimeunda amplifaya kwa ule mchoro wa Chu Moy wa amplifaya ya mfukoni, kwa chipu ya OPA2134 na betri ya volti 9. Nikigusa kitufe sauti inaruka, na kushoto kunaanza kabla ya kulia. Pia nataka kuweka chaja badala ya betri.

Ukuzaji ni mkubwa mno. Rezista ya kilo-omu 10 ya kurudisha na ile ya kilo-omu 1 ya kwenda ardhini hutoa ukuzaji wa mara 11. Simu ya volti 1 ingedai volti 11, wakati betri ya volti 9 haiwezi kufika hata robo ya hizo kwa kiwango cha RMS (kile multimita inachosoma kwenye AC) bila kuvunja sauti. Matokeo yake unatumia mwanzo wa kitufe tu, na hapo ndipo njia mbili za potenshomita (kitufe cha sauti), ya kushoto na ya kulia, hazilingani. Badilisha kilo-omu 1 iwe 4.7, pande zote mbili. Ukuzaji utashuka hadi 3.1 na kitufe kitazunguka zaidi. OPA2134 hutulia hata kwa ukuzaji wa 1. Usichomeke chipu ya kasi kubwa kwenye soketi hiyohiyo kwa kusikia sifa zake: inaweza kutetemeka kwa masafa yasiyosikika, ikapata moto na kumaliza betri. Weka kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme ya chipu.

Kapasita mbili za mikrofaradi 220 zinazogawa betri zinatosha kwa omu nyingi. Kwa iafoni za omu 16 au 32, weka 470 au zaidi, la sivyo ardhi bandia (nukta ya katikati ya betri) huyumba besi inapopiga na sauti huvunjika mapema.

Kuhusu chaja, kuwa mwangalifu mno. Ardhi ya jeki zako iko volti 4.5 juu ya hasi ya betri. Ukichaji simu na kuendesha amplifaya kutoka chanzo kimoja cha umeme, hasi ya chaja na ardhi ya simu hukutana, nusu ya chini ya saketi inafungwa shoti, na umeme wa DC (kama wa betri) unaweza kufika kwenye iafoni. Kopo la chuma ulilowekea amplifaya likigusa jeki ya sauti na soketi ya chaja kwa pamoja huleta shoti hiyohiyo. Bakia na betri. Na kabla ya kuchomeka iafoni unayoipenda, pima DC kwenye jeki ya kutokea: chini ya milivolti 20 ni salama, mamia ya milivolti ni ishara ya kuzima na kutafuta kosa.

Naweza kutumia adapta kutoka jeki ya milimita 4.4 ya amplifaya kwenda iafoni yangu ya milimita 3.5?

Usithubutu. Jeki ya 4.4 ina amplifaya tofauti kwa kila waya, na hasi za kushoto na kulia zina umeme wa muziki. Hazikutani na ardhi. Plagi ya 3.5 inaziunganisha, na chipu zinapigana hadi moja iungue. Kinyume chake, iafoni yenye waya wa 4.4 kwenda jeki ya 3.5, ni salama.

Nikichomeka iafoni yenye maiki, ala zinasikika kwa mbali na mwimbaji hayupo. Nikibonyeza kitufe cha maiki anarudi.

Ardhi haijafika. Ama plagi haijaingia hadi mwisho, na kava nene la simu ni sababu ya kawaida, au iafoni imeundwa kwa ule mpangilio wa zamani uliobadilishana nafasi ya maiki na ardhi. Toa kava ujaribu tena. Hali isipobadilika, tafuta adapta ya kugeuza mpangilio huo.