Ligi ya chemsha bongo mtaani: swali moja libaki na jibu moja

Mkuu, nimesoma ulivyoeleza kwamba vijana wa mtaa wenu mnataka kuanzisha ligi ya chemsha bongo, timu sita, kila jumapili jioni, na unauliza maswali mtayatoa wapi na mtafanyaje watu wasigombane. Mi nimekuwa mtunga maswali wa ligi ya mtaani kwetu hapa Mwanza misimu mitatu mfululizo, kwaiyo nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe, na nitaandika kirefu maana hili jambo nalipenda sana.

Nianze na ugomvi. Karibu kila ugomvi niliouona ulianzia kwenye karatasi yangu ya maswali. Msimu wa kwanza, wiki ya pili, niliuliza "ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi?" Nililiweka kama swali la kupumzikia, maana Mwanza hapa ziwa tunaliona dirishani. Timu tano wakaandika Victoria, timu ya mafundi gereji wakaandika Tanganyika, nikawakosesha. Nahodha wao akasimama akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, kubwa kwa kipimo gani?" Ukumbi mzima ukamzomea ila jamaa alikuwa na hoja nzito. Victoria ina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, Afrika hakuna linaloikaribia, lakini kina chake ni kifupi, hata sehemu ya ndani kabisa haifiki mita 90. Tanganyika ni jembamba ila linashuka mpaka mita 1,470, dunia nzima linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake, na maji yaliyomo ni zaidi ya mara sita ya maji ya Victoria! Sasa ukisema "kubwa" bila kusema eneo, kina au wingi wa maji, umeuliza maswali matatu kwa mpigo alafu unataka jibu moja. Niliwapa mafundi pointi zao mbele ya watu wote na wale watano nao wakabaki na zao, ila muda ulishaenda na ladha ya mchezo ilishapotea.

Toka siku hiyo kila swali nalisoma kama mtu anayetaka kulipinga. Jumamosi nampa dada yangu karatasi, kazi yake ni moja tu, atafute jibu la pili. Akilipata, swali linarudi kurekebishwa. Yeye ndo alinishtua kwamba hata ile tuliyokaririshwa darasani, kwamba Victoria ni la pili duniani, inakaa sawa pale tu unaposema ni la pili kwa eneo kati ya maziwa ya maji baridi, nyuma ya Superior la Amerika Kaskazini. Usiposema maji baridi kuna mtu atakuletea Caspian, na hautakuwa na la kumjibu.

Lingine linalowasha moto sana ni "Tanzania ilipata uhuru lini?" Usiliulize hivo hata siku moja. Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, Zanzibar 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili 1964, na hata hapo nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, jina Tanzania likaja Oktoba mwaka huohuo. Hapo ndani kuna maswali matano mazuri kabisa ukiyatenganisha, lakini ukiyafunga kwenye swali moja bovu, walimu wa historia wanasimama, Wazanzibari wanasimama, na wote wana haki.

Alafu kuna majibu yaliyokufa. Haya yanatoka kwenye vile vitabu vya zamani vya maarifa na zile orodha zinazozunguka kwenye magrupu ya whatsapp, mtu anakopi bila kuangalia ziliandikwa lini. Hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania, utakuta Serengeti, kwingine Ruaha, na kila moja iliwahi kuwa sahihi kwa wakati wake, ila 2019 sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na mjadala ukaisha. Daraja refu kuliko yote nchini, orodha za zamani zinasema la Mkapa pale Rufiji, wakati sisi huku Juni 2025 tumefunguliwa la Kigongo-Busisi, kilomita tatu, siku hizi unakatiza juu ya ziwa bila kusubiri kivuko. Makao makuu ya Burundi bado watu wanaandika Bujumbura, wakati serikali ilishatangaza Gitega mwishoni mwa 2018. Jumuiya ya Afrika Mashariki ndo usiseme, nimekuta orodha yenye nchi tano, nyingine sita, nyingine saba, na Somalia ilishakamilisha uanachama Machi 2024 zikawa nane. Mi nina daftari, kila swali naandika pembeni mwaka nilioliangalia, na likikaa zaidi ya mwaka silitumii mpaka niliangalie upya.

Sasa maswali mazuri yanapatikana wapi. Kwa maoni yangu swali zuri ni lile ambalo mtu hana uhakika nalo ila akikaa na wenzake dakika moja wanaweza kulifikia. Swali la kujua au kutojua, kwa mfano rais wa kumi na nne wa Marekani ni nani, linaua meza. Watu wanatazamana, wanaacha nafasi wazi, basi. Linganisha na hili langu la msimu uliopita: "Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai. Tarehe hiyohiyo mwaka 1954 kilizaliwa chama gani cha siasa?" Kijana anaingilia kwenye Sabasaba anaanza kujiuliza kwanini iliitwa sikukuu, mzee anaingilia kwenye 1954, wanakutana kwenye TANU. Nilikuwa naangalia meza ya wachuuzi wa dagaa wa Mwaloni, kuna binti mdogo pale na mzee ambaye ni mjomba wake, walivyokutana kwenye jibu wakapigana mikono, mimi furaha yangu kwenye hii kazi ni hiyo.

Jingine lililofanya vizuri: "Hadi Olimpiki ya Paris 2024 medali zote za Tanzania kwenye Olimpiki zimepatikana kwenye mji mmoja, ni mji gani?" Ni Moscow 1980, Filbert Bayi fedha kwenye mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha kwenye mita 5,000. Watu wengi wanamjua Bayi kwa ile rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch 1974 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, kwaiyo meza nzima inabishana Christchurch au Moscow, na anayekumbuka kwamba Christchurch haikuwa Olimpiki anaokoa timu. Angalia nilivyoanza na "hadi Paris 2024", hilo neno ndo linalilinda swali lisife mwakani.

Na pale vyanzo vinapotofautiana, kaa mbali na sehemu inayobishaniwa. Vita fupi kuliko zote ya Waingereza na Zanzibar, 27 Agosti 1896, kuna wanaosema dakika 38, wengine 40, wengine 45. Usiulize dakika, uliza ilipiganwa wapi au mwaka gani.

Kuna jambo moja hujauliza ila nakuomba ulizingatie. Msimu wa kwanza niliweka swali kuhusu mv Bukoba, ilizama tarehe ngapi. Ni 21 Mei 1996, jibu liko wazi kabisa, halina ubishi. Nilivyolisoma ukumbi ukanyamaza na mzee mmoja wa timu ya stendi akainuka akatoka nje taratibu. Nilimfuata, akaniambia mdogo wake alikuwa humo. Nilimwomba radhi na toka siku hiyo maswali ya ajali na misiba ya kwetu siulizi, huku kanda ya ziwa hujui aliyekaa mbele yako alimpoteza nani.

Kuhusu uendeshaji sina mengi. Sisi tunafanya maswali 40, raundi nne, wanne kwa timu, simu zote zinaingia kwenye ndoo mezani kwa msimamizi. Majibu yaandikwe, kupiga kelele kunawafaidisha wenye sauti. Rufaa ipelekwe na nahodha peke yake kabla matokeo ya raundi hayajasomwa, yakishasomwa imefungwa, na anayeamua awe mtu asiye na timu. Timu zikifungana msiongeze maswali mpaka usiku, toa swali moja la namba, mfano kina cha Ziwa Tanganyika kwa mita, kila timu inaandika namba yake, iliyo karibu zaidi inashinda. Fainali yetu ya mwaka jana iliamuliwa hivo, kwa urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895. Timu moja iliandika 5,985, nadhani namba waliijua ila wakazigeuza, nyingine ikaandika 5,900 kwa kukisia, wakabeba mbuzi.

Ukishatunga karatasi ya wiki ya kwanza niwekee hapahapa maswali kumi tu, mi na dada tutayapitia jumamosi.